Mto wa Mama

Juzi nilipita karibu na kibanda cha fundi wa baiskeli hapa mjini Homa Bay, jua likiwaka, nikanusa ngozi iliyopakwa mafuta ya kondoo. Nikasimama pale pale. Fundi akaniuliza kama nina pancha. Ningemwambiaje kwamba nimemkumbuka mama?

Baba alipofariki alituachia baiskeli nyeusi yenye kiti cha ngozi, chembamba, kigumu kama ubao. Kwetu walisema kiti cha ngozi humjua mwenyewe. Kile kilikuwa kimebonyea pale alipokalia baba miaka yote, na kwingine kilikuwa mfupa mtupu. Mama alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, gauni amelikunja hadi magotini, akawa anachukua gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Muhuru Bay na kulipeleka masoko ya mbali kwa njia ya mawe. Alirudi akitembea kama bata. Mimi na mdogo wangu tulicheka, naye akacheka nasi.

Siku moja tulikwenda kwa Ouma, fundi wa sokoni.

"Fundi, hiki kiti kinanikata. Nitafutie kipana. Mwili wangu si wa mwanamume."

"Mama, kiti ni kiti," Ouma alijibu bila kuinua macho. "Makalio ndiyo hujifunza."

Wanaume waliokuwa wakingoja walicheka hadi wakashika mbavu. Mama alisema asante, tukaondoka.

Wiki hiyo alikata gauni lake la maua, akashona mto, akaujaza pamba na kuufunga juu ya kiti kwa vipande vya mpira. Akapanda, akasogea nyuma kidogo, akafumba macho. "Aa, sasa nimekaa," alisema. Siku zile alirudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani.

Lakini shuleni, nikiwa darasa la tano, wasichana walinizunguka: "Baiskeli ya mamako imevaa nepi!" Walinifuata na maneno hayo hadi kisimani. Nilivumilia siku tatu, nikirudi nyumbani na macho mekundu. Jumapili, mama akiwa ametangulia kanisani, nilifungua ile mipira, nikautupa mto ndani ya shimo la choo.

Aliutafuta kila mahali.

"Nyara, binti yangu, hujauona mto wangu?"

"Sijauona, Mama."

Kisha akachukua gunia kuukuu, akalikunja juu ya kiti. Gunia lilikwaruza na kuteleza, lakini hakushona mto mwingine. Haukupita muda akaota jipu, likapasuka, likawa kidonda kibaya. Alilala kifudifudi wiki tatu. Mimi ndiye niliyemwosha kwa maji moto ya chumvi, maana wengine wote aliwaonea haya. Aliuma shuka, asipige kelele. "Una mikono miepesi, nyara," alisema, nami nikatamani angenipiga.

Hakupanda baiskeli tena. Alibeba omena kichwani hadi masoko ya karibu tu, na mdogo wangu akaacha shule ili amsaidie.

Mwaka jana mama alipolazwa, nilimwambia. Nilikuwa nimekaa na maneno hayo miaka yote.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mipira ilikuwa imefunguliwa vizuri, ikapangwa dirishani. Mwizi angeikata."

"Mbona basi hukushona mwingine?"

"Ulikuwa ukirudi kutoka shuleni umelia. Nikasema, acha niumie mimi."

Nilimwomba msamaha. Akageukia ukutani, sijui kama alisikia au alichoka. Wiki iliyofuata tulimzika.

Utotoni niliamini nimemficha mama siri moja. Kumbe yeye ndiye aliyenificha yake: alijua kila asubuhi anakalia nini, na kwa ajili ya nani. Kule nyumbani wanamsifu hadi leo, wanasema marehemu alikuwa mwanamke mvumilivu. Uvumilivu ule ni mimi niliyempa.