Muwa Niliokatiwa Ibra

Mie nina hasira za karibu, sifichi. Lakini mkono wangu nimeujutia mara moja tu, huko mji wa Ibra, Omani, miaka ile ya mwanzo wa themanini.

Kazi yangu ilikuwa miwa. Aina nane, kila moja na namba yake kwenye kijiti, tumezipanda Nizwa, Ibra na Jaalan, tuone ipi haibadiliki ikibadilishiwa ardhi na maji. Muwa unaonawiri Nizwa ukafa Jaalan hatuutaki. Misimu mitatu, namba nne haijatuangusha popote. Ilibaki kuvuna Ibra na kupima uzito, wakulima wagaiwe mbegu. Msimu wa nne wakubwa walishaukataa.

Shamba la Ibra alitupa mzee mmoja aliyerudi kutoka Pemba. Miwa yake mwenyewe ilimkaukia kila kiangazi, basi roho yake yote aliiweka kwenye namba nne. Zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, ikifika, alianza na miwa yetu.

Siku ya kuvuna nikafika na mizani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tafadhal."

Sinia lishawekwa: kahawa, na miwa imemenywa, imekatwa pingili nzuri nzuri. Nikatafuna, nikasifu. Mzee akacheka kwa furaha.

Kisha nikenda shambani. Mstari wa namba nne ulikuwa visiki vitupu.

"Umeifanya nini?"

"Nimekukatia wewe! Iliyobaki nimewapa majirani kwa jina lako. Mgeni wangu nimlishe muwa mbovu?"

Lahaula! Damu ikanipanda kichwani. Nikang'oa muwa uliokuwa karibu, nikampiga nao usoni. Nikampiga tena. Ulipovunjika nikamsukuma, akaangukia ukingo wa mfereji, paji likapasuka, maji yakawa mekundu. Wanawe wawili wakanirukia. Mmoja akanikaba koo, mwengine akanipiga mateke ya mbavu mpaka nikatapika ile miwa yote.

"Mwacheni! Ni mgeni wangu!" mzee akapiga kelele. Bila yeye wangeniua, na haki yao.

Nikampeleka hospitali kwa gari ya kazi, kilemba chake kimelowa damu. Nesi alipouliza, akasema ameteleza. Nikaona haya hata nikatamani wanawe wangenimaliza.

Alipokwisha kushonwa akaniuliza polepole, "Sasa namba nne itapita?"

"Haipiti, ami. Bila ya uzito wa Ibra hawaitaki. Inang'olewa kote."

Nilipompiga hakulia. Sindano ilipomwingia hakulia. Hapo ndipo alipojifunika uso kwa viganja, mzee wa watu, akalia kwa sauti.