Tekila ya Bwana na Pua ya Mpishi

Jumapili ya mwisho ya Januari, 1957. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi kutoka upande wa Mogotio, hata nikafuta meza ya barazani mara tatu.

Hayo ndiyo yaliyomo katika daftari langu. Mengine ya siku ile sikuyaandika, niliogopa. Nilisoma mpaka darasa la nne tu na huenda nikakosea hapa na pale, lakini nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Nilikuwa boi wa mezani kwa Bwana mmoja mwenye shamba la mkonge, safari ya nusu siku kwa gari la ng'ombe kutoka Nakuru. Rafiki yake alikuwa amekwenda Meksiko kutazama mashine, akamletea chupa mbili za pombe ya huko, tekila, inayopikwa kutokana na mmea wa jamii ya mkonge. Moja nyeupe kama maji. Ya pili ilikuwa imelala miaka mingi ndani ya pipa la mbao, ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Hiyo ya pili Bwana aliipenda kuliko farasi wake.

Haikunywewa kama pombe nyingine. Bwana aliwafundisha wageni, nami nimesimama nyuma ya viti na sinia: kwanza unanusa, mdomo wazi kidogo. Halafu unachukua tone, unalizungusha juu ya ulimi, unangoja. Ukimeza, unatoa pumzi kwa pua, ndipo utamu unarudi. Nilisikia somo hilo mara nyingi mpaka ningeweza kulifundisha mwenyewe.

Na niliionja. Kwanza ni mabaki ya glasi, nikizipeleka kuosha. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri: moshi kidogo, sukari iliyoungua, halafu kitu kama jani bichi mbali sana. Baadaye niliifungua chupa yenyewe. Mara mbili. Labda tatu, kwa kweli sina hakika. Siku zile Mwafrika kukutwa na pombe kali ya Kizungu ilikuwa jela, na mimi nilikuwa na watoto watatu.

Sikujua kwamba Bwana alikuwa ameweka alama ya penseli kwenye karatasi ya chupa.

Jumapili hiyo alikuwa na wageni wawili wa chakula cha mchana, jirani na mkewe. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona pombe imeshuka chini ya alama. Kumpa haki yake, hakuita polisi na hakumpiga mtu. Alisema anayo njia bora. Aliingia ndani akarudi na glasi tatu ndogo, zote rangi moja. Akawaeleza wageni kwa Kiingereza, nami nilielewa: moja ni ile ya zamani, moja ni ile nyeupe iliyotiwa chai, na moja ni brandi. Asiyewahi kuinywa hawezi kuijua. Mwizi ataijua mara moja.

"Boi. Kuja hapa. Onja hii yote, halafu sema pombe mzee iko wapi."

Nilionja. Glasi ya kwanza tu nikaijua. Nikapita, nikaonja ya pili, nikakunja uso, nikainyooshea kidole ile yenye chai. "Hii, Bwana. Hii ndiyo kali."

Walicheka. Mama mgeni alisema nina ulimi wa mbuzi. Nikacheka nao.

Akaitwa mpishi, naye akaambiwa aonje, aseme pombe mzee iko wapi. Alikuwa mzee wa kanisa, hajawahi kugusa hata pombe ya asali kwenye harusi ya bintiye. Yeye hakujua mchezo ni wa nini. Memsahib, mke wa Bwana, alikuwa akimwita barazani hivyo hivyo kila wiki, anuse samaki aliyetoka Naivasha, anuse krimu, aseme kama imeharibika, na hakukosea hata siku moja. Alifuta mikono kwa aproni.

"Kunywa sitakunywa, Bwana. Nitanusa."

"Nusa."

Alinusa polepole, mikono nyuma. Kabla ya jikoni alikuwa amefanya kazi miaka saba kwenye mashine ya kukamua majani ya mkonge, na harufu hiyo haimtoki mtu.

"Hii ni mkonge," akasema kuhusu glasi ya kwanza. "Mkonge ya zamani, imelala ndani ya mbao. Hii ya pili ni ndugu yake mdogo, ametiwa majani chai yetu ya mkebe wa juu. Hii ya mwisho ni brandi ya pudini."

Akasimama wima akingoja sifa. Jirani alipiga makofi mara mbili.

"Wewe iko na pua mzuri," Bwana alisema. "Mwizi mzuri pia. Lori inaenda Molo saa tisa. Wewe na bibi yako."

Mzee alimtazama Bwana, akatazama glasi, akanitazama mimi. Akarudi jikoni.

Jikoni nilimkuta akikunja aproni.

"Ulikuwa unaijua," akasema.

"Mzee, mimi..."

"Usiape. Nilikuona kupitia dirisha la jikoni, ile ya kwanza uliinywa umefumba macho. Mtu hafumbi macho kwa kitu asichokijua. Na Jumatano nilikunusa hapo mlangoni, nikadhani umebeba glasi tu."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa pombe mzee iko wapi. Sikuulizwa nani ameiba." Akaweka aproni juu ya kiti. "Sasa nenda ukaseme wewe. Bado wanakula."

Nilikwenda. Nakumbuka hatua zile, au nadhani nakumbuka. Nikasimama kando ya kiti cha Bwana mpaka akageuka.

"Nini?"

"Kahawa, Bwana?"

"Ndiyo. Nyeusi."

Niliporudi jikoni mzee aliona sinia mikononi mwangu, akanionyesha birika lilipo, akatoka.

Saa tisa walipanda lori na sanduku moja na magodoro. Dereva alikataa kuku. Mke wa mpishi, ambaye bado hakujua lolote juu yangu, alimpa mke wangu kuku wake sita, akamwambia yule mwekundu anataga vizuri, asimchinje.

Jioni tulikula ugali na yule mwekundu, kwa kuwa ndiye aliyenona. Watoto walipata shingo na miguu. Mimi nilikula mapaja, yote mawili.