Sweta la Njano la Safari ya Sengerema

Jamani, leo mama yangu amenikalisha chini kwa sweta moja tu.

Kesho tunasafiri na mtoto kwa mara ya kwanza. Ana miezi mitatu. Tunavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kumpeleka Sengerema, kwa bibi mzaa baba yangu.

Nilikuwa napanga nepi, mama akaja na kisweta cha njano.

"Mvalishe hiki. Kwenye kivuko kuna upepo."

Nikacheka. "Kumbe ulinitunzia sweta langu!"

"Si lako. Nililinunua sokoni Mkuyuni mwaka tisini na tatu, mitumba ilipoanza kumwagika. Kwa safari hiihii. La Eliya."

Eliya yupi? Si mimi ndiye mtoto wa kwanza?

"Homa ilimchukua siku mbili kabla ya safari. Hakulivaa."

Mliokuja harusini kwangu mnakumbuka bibi alivyokuwa akimwita mama "Mama Eliya"? Mtaa mzima wanamwita Mama Neema, kwa jina langu. Miaka yote tunamcheka bibi, tunasema ni uzee.

Na mama alikuwa anacheka na sisi.

Nyie mngesema nini?

Mimi nimemvalisha mtoto. Limemtosha.

Nikaita, "Mama Eliya, njoo umwone."

Akaitika "Abee" kabla sijamaliza.