Aliyefunga Apande

Katika gereji niliyofanyia kazi Mbeya, miaka ile ya hamsini, hakukuwa na ugomvi mkubwa kuliko wa spea ya mteja. Mtu anakuja na lori linalovuja, na mkononi amebeba kitu kimefungwa kwenye kipande cha gunia. Anakifungua taratibu kama anayeleta posa. "Nimekuja na yangu," anasema. "Ninyi fungeni tu." Hapo mafundi wote huingia chini ya magari mengine na kuanza kutafuta spana ambazo hazikupotea.

Hatukuwa wavivu. Spea ya mteja ni mbuzi kwenye gunia. Hujui imetoka kwenye lori gani, imeanguka mara ngapi, nani aliiuza na kwa nini alikuwa na haraka ya kuiuza. Ukiifunga ikakatika, mteja atasema mkono wako ndio mbovu. Ukikataa, atasema unataka anunue ya tajiri, mwenye gereji, kwa bei ya tajiri. Vyovyote utakavyofanya, lawama zinakungoja mlangoni.

Fundi mkuu wetu, Mnyakyusa mmoja mwenye sauti ndogo na hasira kubwa, alikuwa amelikatia shauri jambo hilo kabla sijafika. Sheria yake ilikuwa maneno mawili: aliyefunga apande. Ukikubali kufunga spea ambayo gereji haikuinunua, safari ya kwanza ya gari hilo unakwenda nalo. Unakaa mbele, ubavuni mwa dereva, mpaka milima iishe na barabara iingie uwanda wa Usangu, pale Chimala. Huko unashuka, unafungua boneti, unakagua, unasema neno lako, kisha unatafuta lori la kukurudisha. Fundi mkuu alisema mdomo ulioitikia ndio uteremke na mlima. Wateja waliipenda sheria hiyo mno. Mafundi waliichukia, maana walikuwa na wake, na watoto, na viazi shambani vya kupalilia.

Mimi sikuwa na hata kiazi.

Nilikuwa nimetoka Iringa, mjini kule juu kilimani, katika familia ya wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani za babu. Huko nilijifunza ufundi, huko nikaoa, na huko nikamzika mke wangu pamoja na mtoto ambaye hakuwahi kulia. Baada ya hapo Iringa ilinishinda. Kila nilipopita sokoni watu waliniambia pole. Muuza vitunguu, pole. Kinyozi, pole. Hata mtu tuliyegombana naye kwa ajili ya rejeta alivuka barabara aje anipe pole. Walikuwa wakinifanyia uungwana, nami niliwachukia kwa uungwana wao. Nikafungasha spana zangu nikaenda Mbeya, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kunionea huruma.

Nilipata nilichokitafuta, na kikanitesa. Nilipanga chumba Iyunga kwa familia ya wakulima wa Kisafwa, watu wa kanisa, wema kabisa. Jioni walikaa jikoni wakizungumza lugha yao na kucheka. Nikiingia, walihamia Kiswahili kwa heshima yangu. Walikuwa na Kiswahili cha salamu, cha mvua na cha bei ya viazi. Kikiisha hicho, sote tunautazama moto. Nikaona nawaharibia jioni yao, nikawa naaga mapema na kwenda kulala na baridi yangu. Ijumaa nilikwenda mjini kuswali, nikawapa watu mkono, nikarudi. Kuna wiki ambazo mkono ule wa msikitini ndio pekee ulionigusa. Nilikuwa mpweke, tena upweke wa kujitakia, ambao hata kwa Mungu unaona haya kuulalamikia.

Kwa hiyo nilifunga spea za wateja. Wenzangu wengine walidhani nina moyo wa simba, wengine walidhani nimechoka kuishi. Ukweli ni kwamba nilikitaka kile kiti cha mbele. Kwa asubuhi moja nilikaa bega kwa bega na mtu, na mtu huyo hakuwa na la kufanya ila kuzungumza nami.

Kati ya wateja hao alikuwepo mzee mmoja wa Kisangu, mwenye lori lake mwenyewe. Alileta mchele Mbeya kutoka Rujewa, na safari nyingine aliupeleka Iringa. Mara ya kwanza alikuja maji yanachemka kwenye rejeta na pampu inavuja kweli kweli. Pampu nyingine alikuwa nayo ndani ya gunia.

"Kamwene, fundi. Hii imekufa. Nimekuja na ingine."

"Shikamoo, mzee. Hiyo umeipata wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye pampu."

Nikaisugua kwa tupa mahali pa bolti moja palipokuwa na ukingo mbaya, nikakata gasketi, nikafunga, nikapanda. Njia nzima tuliizungumza pampu. Watu wawili wasiojuana wanahitaji mtu wa tatu wa kumsengenya, na sisi tulikuwa naye chini ya boneti. Tulipofika Inyala alipunguza mwendo na kuinamisha kichwa.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Inasema nini?"

"Inasema imeshiba, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Chimala nilikagua, nikasema iko sawa, naye akaninunulia chai na mhindi wa kuchoma. Huku akiitazama pampu, si mimi, aliniambia kuwa kile kiti nilichokalia kilikuwa cha kijana wake. Alikuwa utingo wake, kisha akawafuata waandikishaji kwenda migodi ya Kusini. Hajarudi, na hajaleta neno. Nami akaniuliza mama yuko wapi, yaani mke wangu.

"Yuko Iringa," nikasema.

"Utamleta lini?"

"Tutaona, mzee."

Nilisema hivyo kwa sababu pole ilikuwa bado inanichoma, na kwa kuwa mke wangu kweli alikuwa Iringa.

Haukupita muda mrefu mzee akarudi na pampu nyingine. Ile niliyoifunga, alisema, imechoka. Niliifungua, nikaigeuzageuza kiganjani. "Kweli, imechoka," nikasema. Kama pampu ile ilikuwa imechoka, basi mimi nilikuwa marehemu. Nikafunga ile nyingine, nikapanda. Alipokuja tena, akafungua gunia, nikaona kwenye tundu la bolti alama ya tupa yangu mwenyewe.

"Nimepata ingine," alisema.

"Kwa mtu?"

"Kwa mtu."

"Yule yule?"

"Huyo huyo."

Pampu mbili zilikuwa zikipokezana zamu, na mzee alikuwa akilipia ufundi ili zipokezane. Nikaifunga, nikapanda. Naye alijua kwamba fundi hawezi kukosa kuitambua alama yake, lakini alilipa na kuwasha lori. Ilikuwa vigumu kusema. Yeye alikuwa mzee mwenye lori na mashamba ya mpunga. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini mwenye kiburi cha kwetu. Mtu mzima hamwombi mtu mzima mwenzake amsindikize njiani kama mtoto anayeogopa giza. Pampu ilituombea sote wawili.

Jambo moja tu lilitutia doa. Kila alipokuwa na safari ya Iringa aliniuliza ampelekee mke wangu nini, na kila mara nilisema hakuna kitu. Mwishowe akanikasirikia.

"Mwanaume gani wewe? Hata sukari? Hata sabuni?"

Nikatazama nje. Angeniita mchoyo, ningevumilia, mradi asinihurumie.

Kisha fundi mmoja akafunga breki alizokuja nazo mteja, lakini hakupanda, kwa kuwa mtoto wake alikuwa na homa. Lori lilikosa breki mteremkoni likaishia kwenye shamba la viazi. Dereva alivunjika mguu, na mwenye lori akaja kuitukana gereji nzima. Tajiri hakubishana. Aliita mchora vibao, akaandikiwa kwa rangi nyekundu: HATUFUNGI SPEA YA MTEJA. Fundi apande asipande, basi. Kibao kikatundikwa juu ya mlango.

Ukiniuliza kama fundi, tajiri alikuwa na haki. Kupanda na kifaa kibovu hakukifanyi kiwe kizima, kunaongeza maiti tu. Nilikubaliana na kibao kile kwa akili zangu zote, na kila asubuhi nilipopita chini yake nilikitukana. Mzee hakuwa na sababu nyingine ya kusimama kwetu. Nilijua siku atakayokielewa kibao ndiyo siku nitakayompoteza.

Alikuja asubuhi, gunia mkononi. Tajiri, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwonyesha juu kwa kidole. Mzee hakujua kusoma. Akanigeukia.

"Inasema nini?"

"Inasema hatufungi spea ya mteja."

"Hata mteja mwenyewe akikubali?"

"Hata akikubali, mzee."

Akaitazama pampu yake. Akaikunja tena kwenye gunia, pembe moja baada ya nyingine, polepole. "Haya, fundi," alisema, "kazi njema." Akaenda kwenye lori. Nikasikia mlango unafungwa. Nilijua kwamba lori lile likiondoka, nitarudi Iyunga kuutazama moto wa watu mpaka nizeeke.

Nikaweka spana chini.

"Unakwenda wapi?" tajiri aliuliza.

"Kupanda."

"Umefunga nini?"

"Sijafunga kitu."

Akanikazia macho, akitafuta hila ilipo. "Kesho asubuhi uwe hapa," alisema. "La sivyo usirudi."

Nilikwenda kwenye dirisha la lori. "Mzee, naomba nipande."

"Kuna kitu cha kusikiliza?"

"Hakuna."

Akasogeza kitu kilichokuwa kwenye kiti. Nikapanda.

Tulikwenda bila neno. Hapo ndipo nilipojua jinsi pampu ilivyokuwa imetubeba. Tulipita Uyole, tukapita Inyala, wala hakuinamisha kichwa. Injini ilinguruma vizuri na haikutusaidia chochote. Hatimaye akakohoa.

"Ile ya kwanza ilikuwa mbovu kweli," alisema.

"Najua, mzee."

"Hizi zingine..."

"Najua. Niliweka alama."

Akacheka kidogo, kwa aibu. Kisha akakipapasa kile kitu alichokuwa amekisogeza. Kilikuwa kimfuko cha mchele, kimeshonwa mdomo vizuri.

"Kesho nakwenda Iringa. Huu wa mkeo. Wewe hutaki kumpa kitu, nitampa mimi. Nitajie mtaa tu."

Nilifungua mdomo nimtajie mtaa wowote, yaishe. Halikutoka jina la mtaa.

"Mzee, mke wangu amezikwa Iringa. Yeye na mtoto."

Hakusimamisha lori. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akateremka na kona, na kona nyingine. Nilimwona anazihesabu moyoni zile sukari na sabuni zote alizonigombeza.

"Pole, mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Na lile neno nililolikimbia mji mzima, nililisikia likiingia ndani yangu kama chakula kwa mtu mwenye njaa. Nililia mpaka milima ikaisha.

Chimala akasimama, kwa mazoea. Nami kwa mazoea nikashuka, nikafungua boneti. Naye akashuka. Tukasimama wawili kuitazama injini ambayo hatukuigusa.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa."

"Leo tunalala Rujewa. Mama atapika. Kesho mapema Iringa." Akafuta mikono kwenye koti ingawa haikuwa na uchafu. "Sijui kaburi liko wapi. Mtu wa kunionyesha ndiye simjui."

Lori la kwenda Mbeya likatokea uwandani na vumbi lake, likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa akaniuliza kama narudi. Nilimfikiria tajiri, na kibao, na asubuhi.

Nikafunga boneti, nikapanda upande wa mzee.