Magharibi ya Riyadh Haingoji Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinipa rundo la nyaya kwenye bohari letu la Aziziya, Jeddah, akaniambia nizikunje. Nilizizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Akazimwaga zote sakafuni.

"Hizi ni nyaya au tambi?" aliuliza. "Yalla, rudia."

Nilirudia mpaka vidole vikaota malengelenge, kisha nikajifungia chooni nikalia. Ninyi mnaoanza kazi hii nawaambia ukweli: sikusomea ufundi wa sauti popote. Nilijifunza mwenyewe, kanisani kwetu Nakuru na kwenye video za simu, na kila asubuhi niliogopa kwamba leo watanigundua. Nilichukuliwa kwa sababu wasanii wa kike wanahitaji mwanamke wa kuwabandikia kipaza sauti kwenye nguo. Mengine yote niliyaiba kwa macho.

Baadaye nilikabidhiwa meza ya sauti, ile yenye vitelezi: ukisukuma juu, chombo kinasikika, ukishusha, kinanyamaza. Nikajua pia kuwinda mvumo, yaani ule mngurumo mdogo unaotoka kwenye spika hata kama hakuna anayepiga. Wengine hawausikii kabisa. Mimi ukiwepo siwezi hata kula.

Ndiyo maana niliteseka nilipopelekwa Riyadh, kwenye tamasha dogo la familia katika shamba la mitende nje ya mji. Watoto walikimbizana na mbuzi, akina mama walitandika mazulia, kahawa ikazunguka, na udi wa Rim, ile ala yake ya nyuzi, ukavuma kwenye spika zangu. Rim alikuwa binti wa mwenye shamba. Hakuwahi kumpigia babu yake udi. Nyumbani alifanya mazoezi mlango ukiwa umefungwa. Mzee alikubali kuja kutoka mtaa wa Al-Suwaidi, mjini, kwa sharti moja: asikilize wimbo mmoja kabla ya Magharibi, kisha, halas, basi, dereva amrudishe akalale.

Niliamini nina muda wa kuuwinda mvumo kwanza. Ratiba ilitoka kwa Meneja wa Matamasha, aliyebaki Jeddah. Kumbe alinakili saa za tamasha letu la Al-Rawdah, Jeddah, na Riyadh jua hutangulia kuzama. Aliyenishtua ni mama yake Rim.

"Dada, unangoja nini? Adhana hiyo inakuja!"

Nikampigia Meneja.

"Ratiba iko sawa," alisema. "Mafi mushkila, hakuna shida."

"Bosi, toka nje uangalie jua."

"Nimetoka. Lipo."

"Huku linaondoka!"

Mhandisi Mkuu, niliyesafiri naye, akasimama nyuma yangu. "Mwache apige."

"Bado inavuma, bosi."

"Anayevuma ni wewe."

Nikasukuma kitelezi juu, mvumo na yote. Rim alikosea nyuzi mara mbili, kisha akaupata wimbo. Mzee aliinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti. Wimbo ulipofika kati, msikiti wa jirani ukaadhini. Katika kazi yetu huku hilo halina mjadala: adhana ikianza, muziki unanyamaza. Nikashusha. Rim akabaki ameweka kiganja juu ya nyuzi, machozi yakimlenga. Dereva akaja kumshika mzee mkono.

"Niache," mzee akasema. "Tutaswali hapahapa. Mtoto hajamaliza."

Wakajipanga kwenye mazulia. Mimi Mkristo nikabaki mezani, na kwangu hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu ya kuuwinda ule mvumo. Nilikuwa nimeshika waya wa kwanza, tayari kuuchomoa, mzee aliporudi kabla ya wenzake.

"Binti, unafanya nini?"

"Nautoa mvumo, baba. Aje apige vizuri."

"Usiguse. Akirudi akute kila kitu kama alivyokiacha. Ana woga yule, huoni?"

Nilimwona, kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye woga anaweza kungojwa tu, bila kurekebishwa.

Sasa mkataba umeisha, ikama, kile kibali cha kuishi huku, nimeirudisha, na nastaafu kabla ya kufikisha miaka thelathini. Mhandisi Mkuu anacheka, anasema wastaafu wana mvi. Kazi hii nimeipenda, ingawa haikuniacha nilale. Bado nasikia kila kisicho sawa: kwenye jokofu, kwenye lifti, kwenye sauti yangu mwenyewe. Hilo sijapona, na siwadanganyi kwamba nitapona.

Mnaniuliza mvumo wa siku ile ulitoka kwenye waya gani. Sijui. Rim alirudi jukwaani, akamtafuta babu yake kwa macho, akamkuta ameketi palepale. Akaanza wimbo upya kutoka mwanzo, akaumaliza. Mimi nilikuwa nimesukuma kitelezi juu, kisha nikaikalia mikono yangu.