Kiti cha Kushoto

Kwa Kikisii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata, na yule aliyekuzaa ndiye baba. Mgeni anayetusikiliza sokoni kwa masikio ya Kiswahili hupotea hapo. Naanza na neno hili kwa sababu bila hilo habari ya gari langu haieleweki, na watu wameniuliza mengi kuhusu gari hilo kuliko walivyowahi kuniuliza kuhusu mimi.

Ni gari la Kijapani la zamani, la spoti, lenye viti viwili tu na paa la turubai linalokunjwa nyuma. Lilikuwa limepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, na ukiwasha huinuka kama macho ya chura. Siku nilipolileta kwetu Nyakoe jicho moja lilikataa kuinuka, nami nikapita sokoni jioni nikiwakonyeza wanawake wote wanaouza ndizi.

"Wewe kijana!" aliniita mama mmoja ambaye huuza ndizi kando ya kibanda changu tangu nikifungue. "Na mkungu wangu utauweka wapi humo?"

"Hauingii, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hujanunua gari. Umenunua viatu."

Wenzake walicheka mpaka nikazima injini. Sikumwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kulinunua.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari na maturubai ya malori. Niliianza nilipoacha shule katika kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata tata kaburini. Tulibaki wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume, dada anayemfuata, na kitinda mimba wa kike ambaye alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Tangu hapo nimeshona viti vya watu wengi, vya matatu, vya mabasi ya shule, vya gari la kwaya, na nyumbani nilikuwa mimi mwenyewe gari la namna hiyo. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukaa. Silalamiki. Wote walisoma. Mmoja yuko Nairobi, mwingine aliolewa Pwani, na kitinda mimba alipokwenda kusomea uuguzi nilirudi nyumbani nikasonga ugali wa watu wawili bila kujua. Kesho yake niliula uliobaki. Ndipo nikaanza kutamani gari ambalo hakuna mtu angeniambia, "Sogea kidogo, kuna mwingine."

Sikujua kwamba viti viwili vinaweza kuwa vitupu kuliko kumi na vinne vya matatu. Katika matatu tupu macho yako hutawanyika. Katika gari hili kuna kiti kimoja tu cha kutazama, kiko kushoto kwako, na kila ukibadilisha gia mkono wako unakipitia.

Fundi wangu wa injini ana gereji yake Mosocho, chini ya mti wa parachichi. Anapenda kuzungumza na vyuma. Aliinamia lile gari, akaligongagonga chini, akasema, "Hili lilitengenezwa na watu ambao hawajaona tuta." Tukatafuta springi ndefu zaidi ili tumbo lake lisikwaruze matuta ya barabara yetu. Tukabadilisha breki, sahani ya klachi na mipira ya rejeta. Yeye alitaka tuweke ekzosi kubwa.

"Bosi, watu wasikie unapofika."

"Nani ananisubiri?"

Alinitazama, akaifuta spana yake kwa muda mrefu. "Basi tuweke hita," alisema. "Huku kwetu kuna baridi."

Tukaweka hita.

Mimi nilijishughulisha na mambo ya ndani. Nilikishona upya kiti changu kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, kazi safi ambayo hata leo huwaonyesha wateja. Cha kushoto nilikiacha kilivyokuja, kimepasuka begani na sponji inachungulia. Sikuwa na haraka nacho. Juu yake niliweka mfuko wangu wa nyuzi, na kwa sababu ulianguka kila nilipokata kona, nikawa naufunga mkanda.

Jumapili asubuhi nilikuwa naenda Nyamira. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili ni siku tupu kwangu. Hakuna kanisa, na wateja wengi wako makanisani mwao. Unapaswa kwenda asubuhi, kwa sababu kwetu mvua hushika zamu yake mchana, na mwenye nguo kwenye kamba hujua hivyo, sembuse mwenye gari lisilo na paa. Nilikunja turubai nikapanda katikati ya majani chai, baridi ikinipiga kipara, hita ikinichoma magoti. Wachumaji waliokuwa wakibeba vikapu kwenda kituo cha kununulia majani walinipungia.

"Kiti hicho kimelipiwa?" mmoja alinipigia kelele siku moja.

"Kina mwenyewe!"

"Tumemwona! Ni mfuko!"

Nilicheka nao. Nilipofika juu, mahali ambapo mashamba yote yanaonekana kama godoro lililoshonwa vizuri, nilisimamisha gari, nikakaa. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba yanaonekana kama godoro.

Kisha kitinda mimba alinipigia simu. Alikuwa amemaliza chuo, amefanya kazi kidogo, na sasa amepata nafasi hospitalini Uingereza. Angekuja nyumbani kuaga, halafu angepandia ndege Kisumu.

"Bro, utanipeleka na ile gari yako ya movie?"

"Nitakupeleka."

"Promise?"

"Nimesema nitakupeleka."

Bro. Ndivyo alivyoniita tangu aende sekondari. Lakini alipokuwa mdogo aliniita baba, yaani mama. Hakuna aliyemfundisha. Alisikia watoto wa jirani wakimwita hivyo mtu anayewaogesha na kuwapa uji, naye akatazama kwetu ni nani anayeogesha na kugawa uji. Majirani walicheka hadi wakajishika mbavu: mwanamume mzima, ndevu zinaanza kuota, anaitwa mama. Alipoanza shule ya chekechea, mwalimu, ambaye hakuwa wa huku kwetu, alimwuliza nani humleta. "Baba," akajibu. Mwalimu akaniita kwenye kikao cha wazazi. Nilipoingia na vipande vya uzi kwenye nywele, alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye baba yake? Ulimzaa ukiwa darasa la ngapi?"

Nikamweleza kwamba kwa lugha yetu mtoto haniiti baba, ananiita mama.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema mwalimu, na wazazi wote wakaangua kicheko, nami nikacheka. Miaka michache baadaye mtoto mwenyewe alijua tofauti, akaliacha lile neno. Halikutoka siku moja. Lilipungua, kama mtoto anavyoacha kulala kitandani kwako, mpaka asubuhi moja unagundua kuwa ni muda mrefu sasa.

Baada ya ile simu nilikifungua kiti cha kushoto. Nilitoa sponji yote ya zamani, nikakata mpya, nikaipunguza mbele kwa sababu miguu ya kitinda mimba ni mifupi, nikakishona kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu kama changu. Kisha nikaligeukia paa. Turubai lilikuwa limechoka na dirisha lake la nyuma la plastiki lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya rangi. Nilishona jipya kwa njia tunayotumia kwa malori: mshono unakunjwa mara mbili, mkunjo unatazama chini ili maji yateremke yasiingie, na uzi unapitishwa kwanza kwenye mshumaa ili nta izibe matundu ya sindano. Nilimaliza wiki aliyokuja. Nililimwagia maji kwa ndoo, nikaingia ndani nikakaa kiti cha kushoto kusubiri tone. Halikuja.

Jambo ambalo sikulipima ni masanduku. Alikuja na mawili, kila moja kubwa kama mbuzi aliyelala. Buti la gari langu linabeba spea na mwavuli. Mdogo wangu wa Nairobi alisema kwa simu, "Kodi matatu, mambo yaishe." Na mashangazi, ambao hawakuonekana sana tulipokuwa wadogo, walisikia kuna matatu, wakaja na leso zao na vitabu vya nyimbo kumsindikiza mtoto wao.

Asubuhi ya safari masanduku yaliingia kwenye matatu. Mashangazi wakaingia. Shangazi mkubwa alipigapiga kiti katikati yao. "Ingia hapa, mwanangu, tukuombee njiani."

Kitinda mimba alinitazama. Nilikuwa nimesimama kando ya gari, mlango wa kushoto nimeufungua. Mtu akishakuwa mkubwa wa nyumba huzoea kutoomba. Ningesema neno moja tu angekuja, na sikulisema. Aliinama akaingia kwenye matatu, nami nikaufunga ule mlango taratibu, usije ukapiga kelele.

Niliwafuata kwa nyuma. Kutoka Nyakoe nilikuwa nakiona kisogo chake kupitia kioo cha matatu, kati ya vilemba viwili. Mikono ya mashangazi ilikuwa ikipanda na kushuka. Nilikuwa nimefunika paa kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka mapema siku hiyo, na kile kiti kipya kilinuka gundi na ngozi. Hata mfuko wa nyuzi nilikuwa nimeuacha kibandani.

Oyugis matatu iliingia kituo cha mafuta. Mlango ukafunguka. Alishuka, akavuka uwanja wa kituo mbio mbio huku matone ya kwanza yakianguka, akafungua mlango wangu, akajitupa kitini.

"Endesha," alisema.

"Vipi mashangazi?"

"Wameniombea tangu Nyakoe. Sasa maombi yamefika kwenye ndege, wanaomba isianguke. Bro, endesha kabla hawajamaliza kulipa."

Nikaendesha. Mvua ikatushukia kwa nguvu zote. Alipapasa kiti, akapitisha kidole kwenye uzi mwekundu, akasogeza miguu yake, ikafika chini vizuri. Kisha nikasikia: to. Tone. Kwenye pembe ya mbele, juu ya mlango wake, mahali ambapo turubai hujikunja, jambo ambalo turubai la lori halifanyi. To. Lilimwangukia gotini.

"Nililimwagia ndoo nzima," nilisema. "Wallahi halikuvuja."

Alitazama juu, akaweka kiganja chake chini ya lile tone, kama utotoni alivyokuwa akishika sufuria chini ya bati letu lililotoboka, akijiona mtu wa kazi muhimu sana.

"Kumbe hukununua gari," alisema. "Umehamisha nyumba."

Tulicheka hadi nikapunguza mwendo. Halafu akalia kidogo, akitazama dirisha la upande wake, kiganja bado kimekinga. Kilipojaa alifungua kioo akamwaga nje, akakirudisha. Alifanya hivyo mpaka Kisumu.

Kwenye mlango wa uwanja wa ndege mlinzi alitusimamisha. Mashangazi walikuwa wamefika, wamejipanga nyuma yetu na nyimbo zao. Nilikuwa nasukuma toroli la masanduku.

"Wasafiri tu kuanzia hapa," alisema mlinzi. "Huyu ni nani wako?"

Kitinda mimba hakuniangalia.

"Ni baba," alisema.

Nyuma yangu wimbo wa mashangazi ukakatika katikati ya ubeti. Wao walijua alichosema. Mlinzi alisikia Kiswahili chake, akanipima kwa macho.

"Mzee mwenyewe bado kijana," alisema. "Haya, baba, msaidie mpaka pale kwenye mashine, halafu urudi."

Nilimsaidia mpaka pale kwenye mashine. Alinishika mkono kwa kile kiganja kilichokuwa bado na unyevu, akasema nile vizuri, nisilale kibandani. Nikamwambia avae soksi. Halafu nikarudi, kama nilivyoambiwa.

Mashangazi walirudi na matatu. Mmoja aliniuliza kama angeweza kupanda nami, nikamwambia kiti kimelowa. Kilikuwa kimelowa kweli. Nilipofika Nyakoe mvua ilikuwa imekwisha, na mama wa ndizi alikuwa akifunua mikungu yake.

"Amekwenda?" aliniuliza.

"Amekwenda."

Hakunitania. Aliingia ndani ya kibanda, akaniletea mfuko wangu wa nyuzi. Kwa mazoea niliupeleka kwenye kiti cha kushoto. Kisha nikauweka sakafuni, nyuma ya kiti changu, nikakunja turubai lote nyuma, nikakiacha kile kiti kikauke kwa upepo.