Mapafu Mezani

Siku ya wazazi katika shule moja huku Eastlands, Nairobi, mwalimu wa bayolojia aliweka mapafu ya mbuzi mezani, akachomeka kipande cha mpira wa maji kwenye koromeo, akapuliza. Yakafura. Darasa likashangilia.

Msichana mmoja akainua mkono. “Mwalimu, ya baba yakijaa hupiga filimbi.”

Wenzake wakacheka. Baba mwenyewe, seremala wa soko la Gikomba, alikuwa kando yangu kwenye viti vya wazazi, akikohoa ndani ya kitambaa. Hakukasirika. Alikwenda mezani, akayabonyeza mapafu yale polepole kwa kidole.

“Kumbe huwa laini hivi,” akasema.

Wakubwa wa elimu hulalamika kwamba masomo ya vitendo hupoteza wakati. Labda. Lakini seremala yule amevuta vumbi la mbao miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwonyesha linakokwenda.